Maharagi ya Nabintu, Udongo wa Muhumba

Jumatatu, 8 Aprili

Nimewasha mbabula, jiko la makaa. Nimepika chai. Majivu ya makala ya jana nimeyamwaga chini ya maharagi, kama kila asubuhi. Muke wangu Nabintu alifanya vile kwenye shamba la kwao Mudaka maisha yake yote. Majivu hayatupwi, alisema, majivu ni dawa ya shamba. Mimi nafuata tu.

Maharagi yamefika kwenye goti. Yameanza kutafuta miti ya kupandia. Mistari yangu imenyooka vizuri sana, hata mukaguzi wa shule hawezi kusema kitu. Mahindi yaliyojiotea katikati nimeyang'oa yote. Kitanda cha maharagi kisafi.

Maman Nsimire, jirani wa upande wa chini, alichungulia juu ya ukuta akacheka. "Prof, sasa umegeuka mwanamuke?" Kwetu Bushi maharagi ni kazi ya mwanamuke. Mwanaume iko na ndizi yake. Alitaka nicheke naye. Sikuwa na hamu, nikaingia ndani.

Sukari imeisha. Nabintu ndiye alikuwa anajua sukari inaisha lini.

Alhamisi, 11 Aprili

Maman Zawadi amenipigia simu kutoka Mudaka. Ni dada mudogo wa Nabintu. Mvua ya mawe ilimalizia shamba lake musimu uliopita, na watoto walikuwa na njaa, wakapikiwa hata mbegu. Mbegu ya mama yao, ile nyeusi ndogo yenye jicho jeupe. Sokoni haiko. Ametafuta kwa majirani, wapi.

"Shemeji, kwako iko?"

Nikasema iko. Nikasema akuje mwezi wa saba, nitamupatia ya kupanda mwezi wa tisa. Akashukuru sana. Sauti yake ni ya Nabintu kabisa, hasa akishukuru. Nilikata simu mbio.

Sikumuambia kwamba kwangu ilikuwa imebaki mbegu ya kujaza mukono mumoja tu, ndani ya chupa ya Nabintu, na kwamba mukono huo wote uko ndani ya udongo wa parseli hii, kiwanja chetu cha Muhumba. Sikuacha hata moja. Yakifa, mbegu ya mama yao imekwisha duniani. Na itakuwa imekufa kwangu.

Siku ya Mungu, 14 Aprili

Misa. Nimekaa benchi ya nyuma. Watu hawaniambii tena pole. Mwaka umepita tangu tumuzike Nabintu, pole imekwisha.

Nimezunguka maharagi. Majani mapya ya juu yamepauka kidogo. Labda ni jua.

Ijumaa, 19 Aprili

Si jua. Tangu juzi mvua inanyesha na bado yanapauka. Sasa ni manjano, sawa limau. Yote. Nimekwenda mustari kwa mustari, nikarudi, nikaenda tena, kama vile kutazama sana kutayaponya.

Nimeongeza majivu. Nimeongeza maji, hata kama mvua ilikuwa imepita.

Sijala vizuri leo. Bugali ya jana na sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mabaya zaidi. Nimenunua mbolea ya ng'ombe, gunia zima. Motard aliipakia kwenye pikipiki yake na pua imekunjwa, akanilaumu njia yote mpaka hapa. Nimetia. Hakuna kitu.

Maman Nsimire ametoa shauri juu ya ukuta, bila kuulizwa. "Tia misumari ya kutu, Prof. Hayo majani yanataka chuma." Nikamujibu vibaya. Nikamuambia chuma hailiwi kama karanga. Akashuka.

Jioni nimezika misumari ya kutu. Prof wa biolojia. Miaka yote ya ubao na chaki, na leo nimepiga magoti kuzika misumari. Nilitazama kwanza kama yeye haniangalii.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeketi karibu na mumea mumoja na kutazama kama nilivyokuwa nafundisha wanafunzi kutazama. Nilipaswa kufanya hivi tangu mwanzo, badala ya kukimbia na ndoo.

Majani ya chini, ya zamani: kijani. Majani ya juu, mapya: manjano. Lakini mishipa ya jani imebaki kijani, sawa ramani ya mito. Kama ingekuwa njaa ya mbolea, jani la zamani ndilo lingeanza, sababu mumea unamunyima muzee ili umupe mutoto. Hapa ni kinyume. Chuma ikikaa katika jani la zamani haihami tena. Jani jipya linazaliwa bila kitu.

Basi Maman Nsimire alisema kweli: ni njaa ya chuma. Hilo limeniuma. Ila misumari ni bure. Chuma haikosekani kwetu. Wekundu wote wa udongo wa Bushi ni chuma. Hata hapa Muhumba, chimba kidogo, utaiona. Ni nyingi kuliko maharagi yote ya Kivu yanavyoweza kula. Kumbe iko, lakini imefungwa. Chuma yenye kutu ni jiwe, muzizi hauwezi kunywa jiwe.

Maharagi yana namna yao. Muzizi unatoa ukali kidogo, sawa wa limau, unalainisha ile kutu, unaigeuza, unainywa. Nilifundisha hii. Wanafunzi walikuwa wanasinzia. Mimi pia nilikuwa nasinzia kidogo.

Sasa swali: kwa nini muzizi wangu unashindwa?

Jumamosi, 27 Aprili

Nimepata. Heri nisingepata.

Nilichukua vinegri, ile siki ya saladi, nikamwaga kijiko juu ya udongo wa kitanda. Udongo ukatoa povu. Ukachemka kabisa, na sauti ndogo. Nikaenda kumwaga kijiko kingine nyuma ya choo, kwenye udongo mwekundu ambao mutu hajaugusa. Kimya. Hakuna povu.

Ni chokaa. Ule mwaka tuliopiga lipu ukuta, fundi alichanganyia chokaa na simenti palepale penye kitanda hiki. Nabintu alimugombeza, nakumbuka. Na juu ya hiyo chokaa mimi naleta majivu kila asubuhi. Udongo wa Mudaka ni mukali, majivu yanautuliza, ndiyo sababu kule ni dawa. Hapa ukali umekwisha zamani. Kila muzizi unaotoa limau yake kidogo, majivu yangu yanaizima. Nayalisha maharagi kitu kinachoyafunga kinywa.

Nilidhani nafanya kama yeye. Nilitazama mukono wake, sikutazama udongo wake. Najichukia leo, nasema wazi.

Siwezi kumuuliza. Hilo ndilo baya. Angenijibu na neno moja tu, akiwa amegeuza mugongo, anachagua muchele.

Siku ya Mungu, 28 Aprili

Sikwenda misa. Nimekwangua majivu yote ya juu kwa kipande cha sahani, nimeyabeba kwa bidoni, dumu lililokatwa, mpaka barabarani. Mugongo unauma. Udongo wa chini bado ni ule ule.

Aline amepiga simu toka Kampala. Mutoto wetu mumoja. Anasema kama kila wakati: Papa, funga nyumba, kuja kwetu. Nikamuambia kuhusu maharagi. Akasema, "Papa, ni maharagi tu." Mutoto hana kosa. Nikamuambia courant ya umeme imekatika, simu itazima. Courant ilikuwako.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeenda kwenye farmasi. Wazo limenijia asubuhi: vile vidonge vyekundu wanavyopewa wanamuke wenye mimba ni chuma, na ile inayoyeyuka. Muzizi ukikataa, jani linaweza kunywa.

Musichana wa farmasi akauliza, "Papa, madame iko na mimba ya miezi ngapi?"

Ningesema kweli angenipeleka kwa daktari wa kichwa. Nikasema miezi mine. Akanipongeza: félicitations, Papa. Nikasema aksanti. Akanieleza kwamba madame asinywe na chai, chai inazuia. Nikasema nitamuambia.

Nimerudi kwa miguu. Nimelia njiani, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Muuza unga mumoja aliniuliza kama niko sawa.

Jioni nimetwanga vidonge, nimeyeyusha, nimechuja kwa kitambaa, nimenyunyizia.

Jumatatu, 6 Mei

Matone ya kijani! Si jani zima. Matone tu, palepale tone la maji lilipoangukia, kama surua, ila ya kijani kwenye manjano. Nimepiga kelele. Nimegeuka ili nimuonyeshe mutu. Hakuna mutu.

Basi nimejionyesha mwenyewe. Ni chuma kweli. Sikukosea.

Lakini jani jipya lililozaliwa jana ni jeupe karibu. Kidonge kinaponya jani, hakiponyi udongo. Siwezi kunyunyizia kila jani mpaka mwezi wa saba. Na mimea mitatu upande wa ukuta mukubwa imekauka.

Ijumaa, 10 Mei

Imekufa mingine. Nimeing'oa kwa mukono. Inatoka bila kushindana.

Nimefikiri kumupigia Maman Zawadi na kusema ukweli. Nimeshika simu. Nimeiweka. Mwoga.

Jumamosi, 11 Mei

Sijui kwa nini sikuliona mapema. Labda kwa sababu liko pembeni, nyuma ya jiwe la kufulia nguo, pale ambapo sifiki na jembe. Harage moja. Kijani. Kijani cha kweli, juu mpaka chini, na limeishapanda juu kuliko yote. Udongo ni ule ule, nimemwaga vinegri, povu lile lile. Majivu yangu yalifika huko pia. Kidonge hakikufika.

Na nini kimesimama karibu nalo? Muhindi. Mumea mumoja wa mahindi niliousahau siku ile nilipong'oa yote. Harage limejizungusha kwenye muhindi kama kamba.

Nimekaa kwenye jiwe muda murefu.

Mahindi hayafanyi kama maharagi. Hayategemei limau. Muzizi wa muhindi unatuma nje kitu, sijui niseme nini, kama mutego mutamu, unaoishika chuma hata ndani ya chokaa, na kuirudisha nyumbani. Jamaa yote ya majani marefu inafanya vile, mutama, ngano, hata nyasi za njiani. Na mutego mwingine haurudi. Unabaki pale kwenye udongo na chuma yake. Harage lililo karibu linakula.

Na mimi niliyang'oa mahindi yote. Kwa sababu nilitaka mistari safi.

Nabintu hakupanda hata siku moja maharagi peke yake. Wanamuke wote wa Mudaka wanachanganya. Mimi nilifikiri ni kukosa nafasi. Nilikuwa namuambia hivyo, na yeye anaendelea kupanda.

Siku ya Mungu, 12 Mei

Sina mbegu ya mahindi. Leo hakuna duka la mbegu lililo wazi, na kila siku inaua mumea. Maman Nsimire anayo, imening'inia juu ya moshi wa jiko lake, naiona toka hapa. Na tangu siku ya misumari hatusemezani.

Nimezunguka nyuma, nimepiga hodi. Nimesema samahani. Nimesema hata kwamba alisema kweli juu ya chuma, na hiyo ilikuwa ngumu kutoka kinywani. Akaweka mikono kiunoni. "Ee, Prof! Mvua itanyesha kutoka chini." Akaangua masuke mawili, akakataa kunipa mukononi. Akasema mwanaume atapanda juu juu, ndege watakula. Akakuja mwenyewe.

Tumepanda kati ya kila mumea uliobaki. Amesema bila kupumua: bei ya makala, ndoa ya mutoto wa dada yake, mugongo wake. Alipoona kijani nyuma ya jiwe akapiga mdomo tu, tsk, akasema, "Harage haliwezi kukaa pekee kama padri." Mimi nikacheka. Kucheka kulinishangaza mwenyewe.

Akaenda. Nyumba ikawa kimya kuliko kabla hajakuja. Hilo hakuna mutu aliyewahi kuniambia.

Siku ya Mungu, 19 Mei

Pentekoste. Kanisa limejaa, nguo nyekundu. Mahindi yametoka yote. Nimenyunyizia vidonge vya mwisho. Farmasini sirudi tena, yule musichana ataniuliza habari za madame.

Maharagi: nusu imekufa. Iliyobaki haifi, haikui. Inangoja.

Aline hajapiga simu. Mimi pia sikupiga.

Jumatatu, 3 Juni

Jani jipya kwenye mustari wa kati. Kijani. Sikunyunyizia tangu Pentekoste, basi si kidonge, ni kutoka chini. Nimeangalia tena baada ya kula. Kijani.

Sijui kama ni mahindi, au ni kuondoa majivu, au yote. Mwanafunzi angeniuliza ningesema: fanya tena, kila kitu pekee yake, ndipo ujue. Lakini mimi siyo mwanafunzi na hii siyo darasa. Nachukua.

Mvua imekatika. Kiangazi. Nabeba maji kwa bidoni jioni, kidogo kidogo. Maji mengi pia yanafunga chuma. Sasa nakumbuka kila kitu nilichofundisha, kimoja kimoja, kama mutu anayekumbuka majina ya watu baada ya wao kuondoka.

Jumatano, 12 Juni

Maua. Zambarau. Mengi kuliko nilivyostahili.

Homa kidogo. Nimelala muchana. Maman Nsimire ameniachia sombe, majani ya muhogo, kwenye ukuta, imefunikwa na sahani. Sikumusikia. Nimekula yote.

Jumamosi, 22 Juni

Maganda yanavimba. Napita kila asubuhi nikiyagusa kwa kidole. Panya mumoja amekata manne. Nimemutukana kwa sauti, matusi ya zamani, yale ya internat, ya shule ya bweni. Maman Nsimire amecheka upande wa pili.

Nimempigia Maman Zawadi. Nimemuambia ukweli wote: mukono mumoja, majivu, chokaa, nusu kufa. Nilitegemea agombeze. Kumbe akasema, "Na uliyabeba peke yako miezi yote hiyo, shemeji?" Nilisema line ya simu ni mbaya.

Jumamosi, 6 Julai

Maman Zawadi amefika asubuhi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na ndizi na viazi kwenye kikapu. Tulisalimiana kwa Swahili, kwa adabu, kama wageni. Alitazama picha ya dada yake ukutani. Nilimuonyesha kitanda. Aliona mahindi na maharagi yamefumana, akaitika kwa kichwa. Nilipomueleza hesabu yangu ya majivu alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe na majivu ya Mudaka!" Akasema Nabintu angenitandika na mwiko. Ndiye mutu wa kwanza kutaja jina lake mbele yangu tangu miezi mingi. Wengine wote wanasema marehemu, au wanasema wakati ule.

Tumetandika mukeka, tukaanza kukoboa. Nyeusi, jicho jeupe. Zote nzuri. Sijui ni ganda la ngapi alipoanza kusema Mashi, lugha yetu ya Bushi. Hakuamua, ilitoka tu, mikono ikiwa na kazi. Nikajibu kwa Mashi. Ulimi wangu ulikuwa muzito, nikatafuta maneno, nikayapata. Ndipo nikaelewa. Tangu mazishi hakuna mutu aliyesema Mashi ndani ya nyumba hii. Mitaani hapa ni Swahili, kanisani Swahili, na Aline Kifaransa. Hata kitabu hiki ni Swahili. Nilidhani nilikuwa nakosa chakula chake, mukono wake, kikohozi chake. Nilikosa vyote. Ila nilikosa hii pia, na sikuwa nimejua jina lake.

Nililia. Aliendelea kukoboa na kusema, hakunitazama, na hiyo ilikuwa heshima.

Mbegu zilijaa bakuli, na nusu. Nikasema achukue yote, ni ya mama yao, na mimi nilikaribia kuiua. Akakataa. Alisema mbegu haikai nyumba moja. Akafunga yake kwenye kitambaa cha kichwa, akaniachia iliyobaki, akasema mwezi wa tisa nikuje Mudaka kupanda. Kupanda sitapanda, wanamuke watakataa, lakini nitasimika miti ya kupandia. Nikasema ndiyo.

Alienda mapema kwa sababu ya barabara. Nilisimama mpaka pikipiki ilipopinda kona.

Siku ya Mungu, 7 Julai

Nimeamka mapema. Kiangazi, ukungu juu ya ziwa, ng'ambo haionekani.

Jikoni nimemuambia muke wangu habari ya asubuhi kwa Mashi. Kwa sauti, vizuri, kama mutu anayesalimia mutu. Hakuna aliyejibu.

Nimengoja kidogo hata hivyo. Halafu nimefungua dirisha.